Bundi tunayempiga mawe, wenzetu wanamlipia!

Niliwaacha na kisa cha mwenye nyumba wangu na bili ya umeme, na wengi mmeniuliza kiliishia wapi. Kimeishia mimi kukimbia! Nilipoona kila asubuhi ananivizia mlangoni, nikafunga kibegi changu, nikapanda basi la Tanga kwenda kumsalimia mjomba Amani. Nikasema nitarudi hasira zikipoa, au mshiko ukipatikana, chochote kitakachotangulia.

Kwa wasiopajua, Amani iko juu ya milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Unashuka Muheza mjini, unatafuta gari la kupanda mlima, kisha unamwachia Mungu. Ukifika Sigi, penye stesheni ya zamani ya reli waliyoijenga Wajerumani kutoka Tengeni, ndipo msitu unapoanza kukufunika. Hapo simu inaanza kutafuta mtandao na wewe unaanza kutafuta sweta. Masika ndiyo usiseme, njia inakuwa utelezi kama sabuni ya mche.

Mjomba wangu ana kazi ambayo siku zote niliiona ya kuchekesha. Anawaonyesha Wazungu ndege. Si ndege ya Mwanza wala ya Dubai, la. Ndege hawa hawa wa mtini! Mtu anatoka Uingereza, analipa nauli, analipa kiingilio, analipa malazi, halafu anasimama kwenye matope saa kumi na mbili asubuhi, shingo juu kama anayesubiri embe lidondoke. Akimwona ndege mwenyewe, ukubwa wa kidole gumba, anataka kulia kwa furaha. Anatoa kidaftari, anatia alama, na safari inaendelea.

Mimi ndege nilikuwa nawajua kwa njia nyingine. Wakati nasoma shule ya msingi nilikuwa bingwa wa manati, na ulimbo nilikuwa nautengeneza mwenyewe. Kwangu ndege walikuwa wa aina mbili tu: mwenye nyama na asiye na nyama.

Basi bwana, nilipofika nikamkuta mjomba amepata wageni wawili, mzee wa Kizungu na mkewe, wote wamestaafu. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, bwana mdogo. Umekuja wakati mzuri, utanibebea begi." Deiwaka wa kalamu kama mimi hawezi kukataa kazi. Nikabeba begi la darubini, chai ya chupa na mkate.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa ya hondohondo. Ukimsikia kabla hujamwona utadhani ni gari moshi, mabawa yanavuma juu ya miti vuu, vuu, vuu! Ni ndege mkubwa mweusi, mdomo mkubwa na juu yake kama kofia. Mjomba akatueleza habari zake, na hapa kina dada nisikilizeni vizuri. Jike la hondohondo likitaka kutaga linaingia kwenye pango la mti, na mlango unazibwa kwa udongo mpaka unabaki ufa mwembamba. Dume ndilo linaloleta udongo wenyewe, halafu kwa miezi mitatu na zaidi linahangaika na matunda, linamlisha mama na watoto kupitia ule ufa. Miezi mitatu, halikosi! Yule mama wa Kizungu akamgeukia mumewe, mumewe akajifanya anafuta darubini. Nikacheka mpaka chai ikamwagika. Baba wa mjini akiacha nauli ya sokoni siku tatu mfululizo anataka asifiwe kwenye kikao cha ukoo.

Mjomba akaongeza kwamba hondohondo ndiye bwana shamba wa msitu. Anakula matunda huku anadondosha mbegu kule. Ila bwana shamba huyu hachagui mbegu. Upo mti ulioletwa kutoka huko Magharibi, wataalamu wanauita Maesopsis, Waganda wanauita musizi. Ulipandwa kwa ajili ya mbao, hondohondo akayapenda matunda yake, akausambaza mpaka umeingia msitu wa asili na kubanana na miti ya wenyewe. Ndege si malaika, alisema mjomba, naye ana makosa yake kama sisi.

Hapo nikaanza kumtazama mjomba kwa jicho jingine. Mzee wa darasa la saba, mikono mikavu kama gome, anaongea na mtaalamu wa Kiingereza na mtaalamu anaandika!

Nikamuuliza aliyajua wapi yote haya. Akasema ujana wake aliutumia kuangusha hii hii miti. Miaka ya 1970 na 1980 magogo yalikuwa yakiteremshwa kutoka Usambara Mashariki kwenda kwenye viwanda vya mbao, na vijana wa pale walipata vibarua. Kelele za wataalamu zilipozidi, ukataji ule wa kibiashara ukasimamishwa katikati ya miaka ya 1980. Watu wakabaki bila kibarua. Baadaye wakaja watafiti wanatafuta wa kuwabebea nyavu za kunasia ndege, mjomba akajitokeza. Mwaka 1997 msitu ukatangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, zaidi ya hekta 8,000, ya kwanza ya aina yake hapa kwetu. Kutoka kubeba nyavu akapanda akawa mwongoza wageni. Mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege alirudi kulima iliki na magimbi, wageni walipofunguliwa akarudi msituni.

Sasa msomaji utauliza, kwani msitu huu una nini hasa? Milima ya Usambara ni sehemu ya mlolongo wa milima ya kale unaoanzia Taita kule Kenya, unashuka mpaka Udzungwa. Mawingu ya Bahari ya Hindi yanagonga hapo na kumwaga maji, ndiyo maana misitu imedumu miaka mingi mno huku tambarare za katikati zikikauka. Kila mlima umekuwa kama kisiwa, na viumbe wake hawana pa kwenda. Hilo ua dogo la zambarau ambalo Ulaya wanalipanda dirishani kwenye vikopo, asili yake ni huku. Lilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na ofisa wao, Walter von Saint Paul-Illaire, na likaitwa Saintpaulia kwa jina lake. Sisi tunalikanyaga tukienda kuchota maji.

Na maji yenyewe? Mto Sigi unatoka kwenye milima hiyo hiyo, na ndio unaojaza bwawa la Mabayani linaloinywesha Tanga mjini. Kwa hiyo wewe wa Ngamiani au Chumbageni unayesema msitu haukuhusu, fungua bomba halafu tuongee.

Turudi kwa ndege. Yuko mmoja ambaye wageni wanamlilia hasa, Waingereza wanamweka katika jamii ya ndege washonaji kwa sababu ndugu zake hushona majani kama fundi cherehani. Ana mdomo mrefu mwembamba, na mjomba anamwita Mdomo Sindano. Katika dunia nzima anajulikana sehemu mbili tu, Usambara Mashariki na uwanda wa Njesi kaskazini mwa Msumbiji. Katikati hapo ni mamia ya kilomita, na hayupo!

Jina lake la kitaalamu ni moreaui. Moreau ni nani? Alikuwa Mwingereza, Reginald Moreau, aliyekuja Amani mwaka 1928 kufanya kazi kwenye taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa hesabu za jeshi kule Cairo, ndege aliwapenda tu. Alikaa mpaka 1946. Mkewe, Winifred, naye ana ndege wake kule Uluguru. Mwaka 1941 waliandika pamoja habari za uzazi wa hondohondo, zile zile alizotusimulia mjomba. Yuko bundi mkubwa wa Usambara, vosseleri, kwa jina la Vosseler, Mjerumani wa hapo hapo Amani. Yuko kulukulu wa Fischer, Mjerumani mwingine. Yaani ukiwaita ndege wetu kwa majina yao ni kama mwalimu anaita mahudhurio kwenye shule ya Ulaya!

Lakini Moreau hakuzunguka msitu ule peke yake. Alikuwa na mtu wake aliyeitwa Salimu Asmani, aliyemtafutia ndege na viota. Mwanahistoria wa Kimarekani, Nancy Jacobs, amemwandika kwenye kitabu chake cha mwaka 2016 kuhusu wajuzi wa ndege wa Afrika. Nilimuuliza mjomba kama anamfahamu Salimu Asmani. Akasema, "Kila msitu una Salimu wake. Huwa hawaandikwi, wanaitwa tu 'twende'."

Nikacheka. Sikujua kwamba kicheko changu kinakaribia kukatika.

Siku ya pili wageni walimtaka chozi wa Amani. Ni chozi mdogo sana, dume lina kichwa cheusi kinachong'aa kijani na tumbo jeupe, na linapenda kukaa juu kabisa kwenye vilele. Kwa macho utavunjika shingo bure, lazima umsikie kwanza. Tukasimama chini ya mti mmoja mkubwa. Mjomba akatega sikio muda mrefu, kisha akatikisa kichwa, akasema hapa hakuna kitu, tusonge mbele.

Na mimi nilikuwa namsikia. Tsi, tsi, tsi, nyembamba kama uzi, juu ya vichwa vyetu. Nikadhani mjomba ana mbinu zake. Mara yule mama wa Kizungu akainua mkono taratibu, akaonyesha juu. Mumewe akaelekeza darubini. Chozi yuleee! Wakafurahi, wakaandika kwenye vidaftari vyao. Mjomba naye akacheka, akapiga makofi kidogo. Ila mimi ni mpwa wake, nimekulia mapajani mwake. Ile haikuwa sura ya mtu aliyefurahi.

Usiku ule, wageni walipolala, tukakaa jikoni kwake tunaota moto. Akanyamaza sana. Mwisho akasema, "Umemsikia yule chozi, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo, mjomba.

"Mimi sikumsikia. Huu mwaka wa pili sasa. Wakubwa nawasikia wote, hondohondo, kulukulu, hata nyani akikohoa. Wadogo ndio wameniaga mmoja mmoja. Nasimama chini ya mti naona mdomo wa ndege unafunguka, sauti haiji."

Wapenzi wasomaji, nilikosa la kusema. Baadaye nilimuuliza daktari mmoja, akaniambia ndivyo umri unavyokula masikio, unaanza na sauti nyembamba za juu, nzito zinabaki. Kwa mzee wa kawaida si neno, atawaambia wajukuu waongee kwa nguvu. Kwa mwongoza wageni wa ndege ni sawa na fundi saa kupofuka.

Akaendelea, "Hajui mtu. Wakijua, wageni watapewa mwingine, na ni haki yao, wamelipa. Lakini huyo mwingine ni nani? Mwanangu anasema msitu ni wa wazee, yeye yuko na bodaboda yake Muheza. Nimefundisha watu wa vyuo vikuu vya nje, wa nyumbani kwangu sijamfundisha hata mmoja."

Wakati anasema hivyo, nje kwenye giza ikaja sauti moja nzito, ya kutetema, kama mtu anayeguna ndani ya pipa. Nikasimama wima. Bundi! Si unajua sisi tulivyolelewa? Bundi akilia karibu na nyumba kuna mtu anaaga dunia. Nikainama nikaokota kuni nikamrushie.

Mjomba akanishika mkono. Uso wake ulikuwa umebadilika, unang'aa. "Huyo ndiye mwenyewe," alisema. "Bundi wa Usambara. Huyo bado namsikia. Kawaamshe wageni."

Tulitoka na tochi, tukinyata kama wezi. Mjomba mbele, hakusita hata hatua moja, anafuata sauti ile kama amefungwa kamba. Tukamkuta kwenye tawi, mkubwa kama kuku, ana manyoya mawili kichwani kama pembe. Mzee wa Kizungu alitazama dakika moja tu, kisha akamwomba mjomba azime tochi asimsumbue. Gizani nikasikia mtu anapenga kamasi. Alikuwa analia, msomaji! Aliniambia kesho yake kwamba alimsoma ndege yule kitabuni akiwa kijana, na alikuwa na hofu atakufa hajamwona. Mimi nilitaka kumpiga kuni.

Siku ya tatu, ya mwisho, tukafanya mpango wa kifamilia. Nikawa natembea nyuma ya mjomba bega kwa bega. Nikisikia sauti nyembamba kulia, namgusa kiwiko cha kulia. Kushoto, cha kushoto. Yeye anasimama, ananisogezea sikio, ananiuliza kwa Kisambaa sauti ilivyo, inapanda au inashuka, inakatika au inavuta. Mimi namwigizia kwa mluzi wa chinichini, yeye anataja jina. Wageni walidhani ni mazungumzo ya ukoo.

Karibu saa nne, ukingoni mwa msitu, penye mitambazi iliyosukana, nikamgusa kiwiko cha kushoto. Nikamwigizia. Mjomba akafumba macho. Akasema polepole, "Rudia." Nikarudia. Akafumbua macho akawaambia wageni wakae chini wasitikisike. Tukakaa pengine robo saa, siafu wanatuonja miguu. Kisha kwenye mitambazi ile akatokea kijindege cha kijivujivu, mdomo mrefu mwembamba, akaruka tawi hadi tawi, akapotea. Mdomo Sindano! Mgeni alikuwa na rekodi ya sauti yake kwenye simu, akataka kumpigia arudi. Mjomba akakataa. Ukimwita kila siku kwa sauti ya uongo, anaacha kula na kulea, anabaki anamtafuta adui asiyekuwepo. Mzee wa Kizungu akarudisha simu mfukoni kama mtoto aliyekanywa.

Wakati wa kuagana mjomba mwenyewe akawaambia ukweli. Sikutegemea. Akasema masikio yake yamepungua, na ndege wa leo wamesikiwa na mpwa wake. Yule mama akamshika mikono yote miwili. Akasema na mumewe naye hamsikii chozi siku nyingi, ndiyo maana huwa anatembea karibu naye. Basi tukacheka wote wanne, na mimi nikapewa bahasha. Mwenye nyumba, kama unasoma hapa, fedha yako ipo.

Sasa nimerudi mjini, lakini kila mwisho wa mwezi nikipata nauli napanda mlima. Nina daftari la mistari. Upande mmoja naandika jina la kitabuni, upande wa pili jina analotumia mjomba, na chini yake sauti ilivyo. Mpaka leo tumefika ndege 41. Mjomba anasema bado kabisa, hata robo hatujafika. Yule mtoto wake wa bodaboda alitucheka, ila safari iliyopita alituletea wageni wawili kutoka Muheza na akabaki kusikiliza. Sijamwambia kitu, naogopa nitamtisha kama ndege.

Nawe msomaji usiniambie huna nafasi. Mwenyeji kiingilio chake katika hifadhi za misitu ni nafuu kuliko cha mgeni. Na kabla hujafika huko, amka alfajiri kesho, simama uani, uhesabu sauti ngapi unazisikia na ngapi unazijua jina. Mimi mara ya kwanza nilipata sauti tisa, majina mawili, na moja kati ya hayo mawili ni jogoo! Kama una babu au bibi anayezijua zilizobaki, muulize sasa angali anazisikia.

Mjomba ameniruhusu kuyaandika haya, ila jina nisilitaje. Alisema, "Andika tu, bora wajue. Aliyejificha hafundishi."

Tukijaaliwa tukutane wiki ijayo. Na usiku wa leo bundi akilia juu ya bati lako, tafadhali, weka jiwe chini.